Faroe kwa gari la kukodi, siku nne: maswali mnayoniuliza kila mwaka

Kila ikifika mwezi wa nne simu yangu inaanza kulia, ndugu na marafiki walioko Denmark, Ujerumani, hata waliopo nyumbani wanaojipanga kuja kutembea, wote wanauliza habari za Faroe na maswali yenyewe ni yaleyale, kwa hiyo nimeona niyaandike yote hapa mara moja. Mimi ni mtu wa Tanga, nakaa Denmark mwaka wa kumi na moja sasa, na Faroe nimeenda mara tatu: ya kwanza na mume wangu tu, ya pili na watoto wetu wawili, ya tatu na shangazi yangu aliyetoka nyumbani. Mtaona majibu yangu mengi yanarudi palepale, kule ratiba hupangi peke yako, unapanga na hali ya hewa na yeye ndo mkubwa wenu.

Faroe ni wapi hasa, ni nchi?

Ni visiwa 18 huko Atlantiki ya kaskazini, katikati ya Iceland, Norwe na Uskoti. Watu wote ni kama elfu 54 hivi, na kisiwa kisicho na mtu ni kimoja tu, Lítla Dímun. Viko chini ya ufalme wa Denmark lakini tangu 1948 wanajiendeshea mambo yao mengi wenyewe, wana bunge lao, bendera yao, lugha yao, na kwenye Umoja wa Ulaya hawamo. Mtu wa kwetu ataelewa haraka nikisema fikiria Zanzibar na Muungano, sio sawasawa kabisa, ila ukimwita Mfaroe "Mdenishi" utaona uso unavyobadilika.

Viza ya Schengen si inatosha?

Hapa someni polepole maana sisi tulipoteza. HAITOSHI. Faroe haimo kwenye Schengen, lile kundi la nchi za Ulaya zinazotumia viza moja. Hata viza ya Denmark yenyewe haikufikishi Faroe mpaka iwe imeandikwa wazi kwenye ile stika kwamba na Faroe inahusika. Shangazi alipoomba viza mara ya kwanza tulijaza fomu tukaandika Denmark basi, hakuna aliyetuambia na sisi hatukuuliza, viza ikatoka, tukafurahi, wiki mbili kabla ya safari ndo mume wangu anasoma stika anaona Faroe haipo. Tikiti za watu watano na nyumba vyote tulishalipa. Shangazi akabaki kwetu na mimi nikabaki naye, safari ikafa, mpaka mwaka uliofuata tulipoomba upya tukataja Faroe tangu mstari wa kwanza na tukaambatanisha buking ya nyumba ya kule.

Kinachochanganya watu ni kwamba ukipanda ndege Copenhagen kwenda Faroe kwa kawaida hakuna foleni ya pasipoti, unapita kama safari ya ndani. Kutokaguliwa sio ruhusa. Na wewe mwenye permiti ya kukaa nchi nyingine ya Ulaya usijibiwe na mimi wala na shemeji yako, andikia ubalozi wa Denmark ujibiwe kwa maandishi.

Siku ngapi zinatosha?

Siku tatu kamili za kuendesha ndo kima cha chini, nne ndo nzuri, halafu ongeza siku moja ya akiba ukisharudi Copenhagen kabla hujaunganisha safari nyingine. Usije ukaweka ndege ya Dar jioni ya siku unayotoka Faroe, nakuomba. Sababu nitaisema mwishoni.

Watu wanaona kwenye ramani eneo lote ni kama kilomita za mraba 1,400, wanasema aah hiyo unaizunguka siku moja. Kwa lami kweli unaweza, barabara ni nzuri kuliko nyingi nilizopita Ulaya. Ila hukwenda kule kuhesabu lami, umekwenda kusimama juu ya mlima uone visiwa vimepangana kama migongo ya ng'ombe majini, na mlima ukiwa umefunikwa na ukungu huoni hata kofia ya mwenzako, kwa hiyo siku ya ziada ni ya kusubiri ukungu uondoke.

Niende mwezi gani?

Kuanzia mwezi wa tano mpaka wa tisa mwanzoni. Mwezi wa sita mwanga unakaa zaidi ya saa 19, usiku wenyewe haungii giza la kueleweka, na hiyo kwa dereva ni neema kubwa kwa sababu asubuhi ikiharibika bado una jioni ndefu. Sisi siku moja mvua ilitufungia ndani mpaka saa kumi na moja jioni, tukatoka hapo, tukatembea mpaka saa nne usiku na mwanga upo. Mwezi wa kumi na mbili mwanga ni kama saa tano tu, na dhoruba ndo msimu wake.

Joto msilitegemee. Kiangazi ni digrii 11, 12 hivi, sio baridi ya kukuua lakini upepo unaigeuza. Chukua koti la mvua na suruali ya mvua, mwavuli uache nyumbani, utavunjika dakika ya kwanza. Jambo lingine, tarehe 28 na 29 mwezi wa saba ni Ólavsøka, sikukuu yao kubwa ya taifa, Tórshavn, mji mkuu wao, inajaa watu waliovaa mavazi ya asili, ni tamu kuiona ila nyumba za kulala zinaisha mapema sana na maduka yanafungwa.

Ndege au meli?

Kwa siku nne ni ndege. Kutoka Copenhagen ni kama saa mbili na kidogo, unashukia kisiwa cha Vágar, uwanja uliojengwa na Waingereza wakati wa vita vya pili vya dunia, umebanwa na milima na ziwa. Meli ipo, Norröna, inatoka Hirtshals huku Denmark na unapanda na gari lako mwenyewe, lakini ni zaidi ya siku nzima baharini kwenda tu, hiyo ni ya mwenye wiki mbili.

Gari gani nikodi?

Dogo. Watu wanadhani kwa sababu ni milima basi wachukue gari la juu lenye kuvuta magurudumu yote, hapana, vijiji vyote vyenye barabara vina lami, na kutoka nje ya barabara kuendesha kwenye majani ni marufuku. Gari la juu linashika upepo kama tanga la jahazi. Kodi mapema, mwezi wa tatu usishangae kuambiwa ya mwezi wa saba yamekwisha maana kisiwa hakina magari ya kumwaga. Otomatiki uliza wazi kama unaitaka. Leseni kampuni nyingi wanataka uwe umeishika angalau mwaka, na mwenye leseni ya nyumbani aje na ile ya kimataifa pia asipate usumbufu kaunta.

Wanaendesha kulia, wapya kutoka nyumbani mkumbuke hilo mkitoka sheli na mkitoka parking, hapo ndo mtu anajisahau. Mjini ni 50, nje ya mji ni 80, taa zinawaka mchana na usiku. Tórshavn na Klaksvík sehemu nyingi parking ni bure lakini ya muda, kuna kisaa cha kadibodi au plastiki ndani ya gari, unakizungusha kwenye saa uliyofika unakiweka kwenye dashibodi. Ukisahau unapigwa faini.

Mbona kila mtu anatisha watu na mlango wa gari?

Kwa sababu ni kweli. Safari ya kwanza tulikuwa tumepanda Eiðisskarð, ile njia ya mlimani kati ya Eiði na Funningur chini ya Slættaratindur, mlima mrefu kuliko yote kule, mita 880. Mvua imekata, jua limetoka, tukapaki tupige picha. Ndani ya gari kimya kabisa. Nikavuta kitasa kama ninavyovuta siku zote, na mlango ukanitoka mkononi. Sikuwahi hata kuushika. Ulifunguka ukapitiliza pale unapotakiwa kuishia, ikasikika krrrk kwenye bawaba, ukingo wake ukaingia kwenye bodi ya mbele, na ramani na risiti na kofia ya mume wangu vyote vikatoka vikaruka bondeni. Mlango haukufunga tena. Tukaushikilia kwa mkanda wa begi kilomita zote mpaka Tórshavn, mimi nimekaa nauvuta kwa mikono miwili, upepo unapiga filimbi.

Bima tuliyokuwa tumelipia, ile tuliyoambiwa ni kubwa, mlango uliong'olewa na upepo haikuwemo, tulilipa wenyewe. Baadaye nikasoma masharti ya kampuni nyingine nikakuta nyingi ziko hivyohivyo. Kwa hiyo fanya hivi: ukipaki, geuza pua ya gari iangalie upepo unakotoka. Milango isifunguliwe miwili ya pande tofauti kwa pamoja, maana upepo ukiingia huku unabeba kila kitu utokee kule. Mmoja anatoka, anafunga, ndo wa pili anafungua. Na mlango unashikwa kwa mikono miwili, mmoja kwenye kitasa na mwingine juu kwenye fremu, unaufungua kidogokidogo kama unafungua banda lenye mbuzi mkorofi. Watoto hawafungui milango wenyewe, weka loki ya watoto.

Jifunze pia kusoma utabiri wao, upepo wanautaja kwa mita kwa sekunde sio kilomita kwa saa. Zidisha mara 3.6. Ukiona 10 ni siku ya kawaida tu kule. Ukiona 15 nenda taratibu, hasa ukitoka kwenye kinga ya mlima maana upepo unakupiga ubavu ghafla. Ukiona 20 kwenda juu, hiyo ni kilomita 72 kwa saa na mapigo yake yanapita hapo, kaa ndani unywe chai.

Mahandaki ya chini ya bahari yakoje, na yanalipiwaje?

Ndo yaliyofanya safari ya siku nne iwezekane. Zamani ulikuwa unasubiri feri kila hatua, sasa Vágar imeunganishwa na Streymoy, kisiwa chenye Tórshavn, tangu 2002, Klaksvík imeunganishwa na kisiwa cha Eysturoy tangu 2006, lile refu la Streymoy na Eysturoy lilifunguliwa Desemba 2020, kilomita 11 na kidogo, na la Sandoy likafuata Desemba 2023, nalo linakaribia 11.

La Eysturoy lina kipilefti chini ya bahari. Ndio, kipilefti. Unashuka, unashuka, mpaka mita 187 chini ya usawa wa maji, halafu unapanda tena, handaki linafunguka unakuta nguzo kubwa ya mwamba katikati imewashwa taa za bluu na kijani, na kuizunguka kuna sanamu za watu wa chuma wameshikana mikono wanacheza ngoma yao ya mduara, kazi ya msanii wao Tróndur Patursson. Wanangu walinilazimisha nikizunguke mara nne. Shangazi aliona vile akanyamaza kabisa, alipotoka juu ndo akasema Alhamdulillahi.

Malipo hakuna kibanda wala mtu, kamera inasoma namba ya gari na kampuni ya kukodi inakudai baadaye. Haya mapya ni ghali kuliko yale mawili ya zamani, kwa hiyo kabla hujasaini muulize aliyekupa gari bei zake na kama wana makato yao juu, halafu panga siku zako usiende na kurudi hovyo. Kati ya Streymoy na Eysturoy kuna daraja la bure pale kwenye mlango mwembamba wa bahari, la tangu 1973, ukiwa unaelekea kaskazini pita hilo.

Na yale ya njia moja yenye giza?

Hayo ndo yanatisha mgeni, mfano la kwenda Gásadalur, na yale ya kisiwa cha Kalsoy. Upana ni wa gari moja, magari yanaingia pande zote mbili, na ndani kuna vituo vya kupishania vyenye alama ya M. Kanuni ni rahisi: vile vituo vikiwa upande wako wa kulia, wewe ndo unayepisha. Ukiona taa kwa mbele usiendelee kwa matumaini, ingia kituoni, punguza taa, subiri. Taa za mbele zinadanganya, unaweza kudhani gari liko karibu kumbe ni dakika nzima. Bora usubiri.

Nje kwenye barabara nyembamba ni vilevile, kama ile ya kijiji cha Saksun, vituo vya kupishania sio vya kupaki upige picha. Wenyeji wanapita hapo kwenda kazini, na wanaumia kweli na hili.

Kondoo wanavuka barabarani?

Muda wote. Kondoo ni wengi kuliko watu na uzio sehemu nyingi hakuna. Mtu aliyeendesha Handeni akakutana na mbuzi tayari ana elimu ya kutosha: akiwa mama upande huu na mwana upande ule, mwana ATAVUKA, na atavuka ukishafika. Mwezi wa tano na wa sita ndo wana wadogo wengi, punguza mpaka utambae. Ukimgonga unasimama na kupiga simu polisi, kila kondoo ana alama sikioni na mwenyewe anajulikana, huwezi kuondoka kimya.

Basi niambie nipangeje hizo siku nne.

Sawa, ila sikupi "siku ya kwanza hapa, ya pili pale", maana nilifanya hivyo safari ya kwanza, nikaiandika vizuri kwenye karatasi, na siku tatu mfululizo nilikuwa upande wenye mvua huku upande mwingine jua linawaka. Fanya tofauti. Kaa sehemu moja tu siku zote isipokuwa usiku wa mwisho, Tórshavn au Eysturoy katikati, usihamehame, hakuna kijiji cha kufikika kwa barabara kitakachokuzidi saa moja na nusu. Halafu andika makundi ya sehemu kwa pande, usiyape tarehe.

Kundi la magharibi, Vágar: Gásadalur na maporomoko ya Múlafossur yanayodondokea baharini, Bøur, na ile njia ya kupanda Trælanípa ambako ziwa linaonekana kama linaning'inia juu ya bahari. Kundi la kaskazini: Tjørnuvík unakoona yale majabali mawili Risin na Kellingin, jitu na mkewe ambao hadithi inasema walikuja kuivuta Faroe waipeleke Iceland, jua likawakuta wakageuka mawe, halafu Eiði, Funningur na Gjógv. Saksun pia, ila Saksun inaenda na maji kupwa na kujaa, ukitaka kutembea kwenye mchanga mweusi mpaka baharini angalia saa za maji kupwa kama unavyoangalia ukienda kuokota chaza nyumbani. Kundi la mashariki: Klaksvík na Viðareiði. Kundi la kusini: Kirkjubøur, magofu ya kanisa la mawe la zamani na nyumba ya mbao nyeusi ambayo ukoo mmoja unaishi humo vizazi na vizazi, halafu Sandoy kwa handaki jipya, kisiwa cha tambarare chenye utulivu mwingi, wengi wanakiruka na mimi nasema wanakosea.

Kila asubuhi kabla ya chai fungua kamera za barabarani za Landsverk, hiyo ndo idara ya barabara zao, wameweka kamera kila upande na zinaonyesha picha ya sasa hivi pamoja na kasi ya upepo. Utabiri unakwambia kitakachokuja, kamera inakuonyesha kilichopo. Kanuni yangu ni moja: angalia upepo unatoka wapi, nenda upande wa nyuma ya milima. Ukitoka kusini magharibi, mawingu yanagongana na milima ya huko yanamwaga maji hukohuko, na mara nyingi kaskazini mashariki unakuta pamekauka. Watu wa pwani hili tunalijua kwa kaskazi na kusi, wavuvi wa Kigombe wanahama upande wa kutua kufuata upepo, tofauti ni kwamba kusi inakaa miezi na huku upepo unageuka kati ya chai ya asubuhi na chakula cha mchana. Kwa hiyo saa sita angalia tena, na ukiona umekosea geuza gari bila kubishana, nusu saa tu uko kisiwa kingine.

Na siku ambayo kila kamera ni nyeupe, ipo hiyo siku, msikae ndani kununa. Endesha zile barabara za mandhari zenye alama ya kijani na ua la njano, taratibu, maana mvua ikinyesha sana kila mlima unatoa maporomoko, unayahesabu mpaka unachoka. Shangazi siku aliyoipenda kuliko zote ilikuwa ya mvua.

Kalsoy na Mykines nisivikose, sivyo?

Hivyo vyote ni vya feri kwa hiyo viweke mwanzo wa safari. Ukiahirishiwa siku ya kwanza bado una tatu za kujaribu, ukiviweka siku ya mwisho umeshavikosa.

Kalsoy unavuka kutoka Klaksvík kama dakika 20, feri ni ndogo inabeba magari machache na hakuna buking, ni foleni. Kiangazi foleni inakatika kabla hujafika mbele. Ushauri wangu acha gari Klaksvík, panda kwa miguu, kule kuna basi linalofuata feri linakufikisha Mikladalur kwenye sanamu ya mwanamke wa hadithi anayegeuka sili, yule mnyama wa baharini, na Trøllanes unakoanzia kutembea kwenda mnara wa Kallur. Utelezi upo na ukingo hauna uzio, kwenye upepo msiende na watoto.

Mykines hakuna magari kabisa, boti inatoka Sørvágur kiangazi tu, watu wanafuata wale ndege weusi na weupe wenye mdomo wa rangi, wenyewe wanawaita lundi, wanaokuwepo mpaka katikati ya mwezi wa nane. Mawimbi yakiwa makubwa boti haiendi, au mbaya zaidi inakupeleka asubuhi na jioni haiji kukuchukua. Ndo maana usiende siku moja kabla ya ndege. Na uliza kabla kama njia ya kwenda mnarani iko wazi.

Helikopta ipo na bei yake si ya kutisha maana serikali inachangia, lakini ni usafiri wa wenyeji, mgeni anaruhusiwa kwenda tu au kurudi tu.

Tunaweza kulala kwenye gari?

Hapana, nje ya kambi rasmi ni marufuku, hema pia. Pangeni nyumba.

Nasikia kutembea milimani kunalipiwa?

Baadhi ya sehemu ndio. Ardhi ni ya wakulima, majani yale ndo chakula cha kondoo wao, na watu wakawa wengi njia zikageuka tope. Trælanípa unalipa, Kallur unalipa, na bei zinabadilika kwa hiyo angalia kabla. Wengine wanalalamika sana, mimi silalamiki, nikikumbuka shamba la babu yangu watu elfu wakipita kila mwezi nisingekubali bure. Kaa kwenye njia, funga geti ulilolikuta limefungwa.

Chakula je, na sisi Waislamu?

Duka la Bónus na mengine ya mjini yana kila kitu, bei ni za Denmark au juu kidogo. Jumapili mengi yamefungwa kwa hiyo nunua Jumamosi, sheli ndo zinakuokoa na mkate na maziwa. Nyama ya halali usiitegemee, beba yako au kula samaki, na samaki wao ni wazuri mno. Pombe kali na mvinyo vya kununua dukani vipo kwenye maduka ya serikali peke yake.

Utaona vibanda vya mbao vyenye nafasi kati ya ubao na ubao, humo wananing'iniza samaki na nyama ya kondoo upepo wa chumvi uikaushe miezi, bila moto wala moshi. Harufu yake ukiisogelea ni ng'onda mtupu, shangazi alisimama akavuta pumzi akasema "hapa pana watu wa pwani". Wapo wenyeji wanaokaribisha wageni kula nyumbani kwao kwa malipo, wanaita heimablídni, ukibuku waambie mapema usichokula.

Hela na intaneti?

Kadi zinapita kila mahali. Noti wana zao, thamani sawasawa na krona ya Denmark, ila ukirudi nazo Copenhagen dukani hawazipokei, zimalizie hukohuko. Mtandao unashika vizuri mpaka ndani ya mahandaki, lakini kumbuka sio Umoja wa Ulaya, ile bando yako ya Ulaya nzima inaweza isifanye kazi ukakatwa hela nyingi, kwa hiyo zima data kabla hujashuka kwenye ndege, uliza kampuni yako au nunua laini ya kule.

Nakuja na mzee, ataweza?

Ataweza, na gari ndo linamfaa. Gásadalur, Gjógv, Tjørnuvík, Kirkjubøur zote unafika karibu kabisa, hatua chache tu. Shangazi ana miaka 68 na magoti yanamsumbua, alikaa ndani ya gari Gjógv blanketi magotini, dirisha limefunguliwa kidole kimoja, anaangalia mawimbi yanaingia kwenye ule mfereji wa mwamba, akanikataza nisimwondoe.

Ndege ikifutwa nifanyeje?

Hii ndo sababu ya ile siku ya akiba. Kiangazi ni ukungu, majira mengine ni upepo, uwanja umekaa kati ya milima na rubani asipoona au upepo ukipinda anarudi alikotoka. Ikitokea, kwanza usitoke uwanjani kabla hujaongea na watu wa shirika la ndege, wao ndo wanaokubuku upya na kukwambia utalala wapi. Pili, gari usilirudishe mpaka umeona ndege yako imetua, sio imetangazwa, IMETUA, maana ukishatoa funguo hupati lingine kirahisi. Tatu, usiku wa mwisho lala Vágar yenyewe, Sørvágur au Miðvágur, usiwe upande wa pili wa handaki asubuhi ya dhoruba.

Sisi ilitukuta safari ya pili, tukaambiwa mpaka kesho saa nne. Gari tulikuwa nalo bado, tukala mikate iliyobaki, tukarudi Gásadalur na watoto saa mbili usiku, ukungu ukapasuka dakika kama kumi hivi, maporomoko yote yakaonekana na nyuma yake Mykines ambayo siku nne nzima hatukuwahi kuiona.